Muulize Shangazi Msafiri: Umeahidi kasri, utalala ngomeni

Toleo lililopita niliandika mistari minne tu kuhusu usiku niliolala ndani ya ngome ya Wajerumani juu ya mto Rhine, nikadhani nimemaliza. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimekuja nyingi kuliko hata zile za mizigo iliyopotea uwanja wa ndege. Nimechagua tano. Yule aliyeuliza kama mtu binafsi anaweza kununua ngome yake mwenyewe nimemweka pembeni, mpaka aniambie anafanya kazi gani.

Shikamoo Shangazi. Mwezi wa tano nakwenda Frankfurt kwenye maonyesho ya biashara. Safari hii nakwenda na mke wangu, tunatimiza miaka kumi ya ndoa, na nimemuahidi atalala kwenye kasri japo usiku mmoja. Nimetazama bei mtandaoni nikazima simu. Kuna njia ya mtu wa kawaida? (Mume wa Ahadi, Tabata, Dar es Salaam)

Marahaba mwanangu, na hongera ya miaka kumi. Ila tuweke sawa jambo moja, maana nasikia harufu ya ugomvi kabla ya safari. Umemuahidi kasri. Ninachoweza kukuonyesha kwa fedha ya mtu wa kawaida ni ngome. Wajerumani wenyewe hawachanganyi: Schloss ni kasri, nyumba ya mkubwa aliyetaka watu wamwone; Burg ni ngome, nyumba ya mkubwa aliyeogopa watu. Kasri ina vioo, bustani na dari za kuchorwa. Ngome ina kuta nene za mawe, madirisha membamba na ngazi za kukutoa roho. Mwambie mapema, kabla hajashona gauni.

Ngome yenyewe ni Burg Stahleck, juu ya mji mdogo wa Bacharach. Kutoka uwanja wa ndege wa Frankfurt unapanda treni hadi Mainz, hapo unabadili na kuchukua treni ya mkoa inayofuata ukingo wa kushoto wa Rhine kuelekea Koblenz. Usipande ya haraka, itakupitisha Bacharach huku unaikodolea macho. Kaa upande wa kulia ili mto uwe dirishani kwako. Ukishuka stesheni utaiona ngome kilimani, na utadhani iko karibu. Njia ya kupanda ni ngazi, zinapita kando ya gofu la kanisa lisilo na paa, na mimi hutumia dakika ishirini na tano nikisimama mara tatu kujifanya naangalia mandhari. Begi la magurudumu utalibeba kichwani. Chukueni begi moja la mgongoni, mengine yaacheni hotelini Frankfurt.

Sasa siri ya bei: ngome hiyo ni hosteli ya vijana. Neno "vijana" lisikutishe, mimi nina miaka sitini na moja na hawajawahi kuniuliza. Unahitaji kadi ya uanachama wa hosteli za kimataifa, ambayo unaweza kukata pale pale mapokezi, na bei inajumuisha kifungua kinywa. Mara ya mwisho nililipa euro arobaini na kitu kwa usiku. Ila omba chumba cha watu wawili, uombe miezi kadhaa kabla, na upate jibu kwa maandishi. Vyumba hivyo ni vichache. Ukichelewa, miaka kumi ya ndoa mtaiadhimisha yeye bweni la wanawake, wewe bweni la wanaume.

Mimi mara ya kwanza sikwenda kwa mapenzi, nilikwenda kwa zamu. Mwanangu wa pili alikuwa darasa la nne hapa Mainz, mwalimu akatafuta mzazi wa kusindikiza safari ya shule, na kwa kuwa mimi ni muuguzi wakaona wamepata mzazi na sanduku la huduma ya kwanza kwa mpigo mmoja. Watoto ishirini na sita, siku tatu. Shuka na foronya unapewa mapokezi, unatandika mwenyewe, na siku ya kuondoka unavua na kurudisha. Nilitandika vitanda vya dabodeka mpaka mgongo ukanikumbusha hosteli ya chuo cha uuguzi kule nyumbani. Chai yao ni ya matunda, nyekundu kama juisi ya rosela, haina hata jani moja la chai. Kila Mjerumani aliyewahi kuwa mtoto anaijua na anaicheka. Jibebee majani yako.

Usiku wa pili mwalimu aliwakusanya watoto uani na kuwasimulia harusi iliyofungwa hapo hapo mwishoni mwa karne ya 12. Bwana wa ngome, Konrad, alikuwa na binti aitwaye Agnes. Kaizari Heinrich wa Sita alitaka binti huyo aozwe mfalme wa Ufaransa. Mama yake Agnes akangoja mumewe asafiri, akamwita kijana mmoja wa ukoo wa Welf, mahasimu wakubwa wa Kaizari, na ndoa ikafungwa kwa siri. Mzee aliporudi akakuta ana mkwe. Kaizari alifoka, baadaye akapoa, na ndoa ile ikaja kusaidia kupatanisha koo mbili zilizokuwa zinawindana. Mwanangu akaninong'oneza kwa Kiswahili: "Mama, hii si kama ya Tanga?" Nikamwambia anyamaze, mwalimu anaendelea.

Msimulie mkeo hadithi hiyo mkiwa ukutani jioni, mto uko chini yenu, matishari yanapita na taa zao. Ndicho unachokifuata pale, maana chumbani mna kitanda, kabati na taa, basi. Chakula cha jioni ni mapema, kama saa kumi na mbili, na saa nne usiku wanataka kimya.

Kimya cha watu, lakini. Mambo mawili hawayaandiki kwenye picha zao nzuri. La kwanza, treni za mizigo hupita kingo zote mbili za Rhine usiku kucha, na bonde lile lenye kuta za miamba linarudisha sauti kama kisima. Bebeni pamba za masikioni. La pili, msidhani kila jiwe mtakalolishika ni la zama za Agnes. Majeshi ya Ufaransa yaliilipua ngome ile mwaka 1689, na kishindo chake ndicho kilichoangamiza lile kanisa mlilopita njiani. Ilikaa gofu zaidi ya karne mbili. Sehemu kubwa ya mnachokiona ilijengwa upya kuanzia mwaka 1925, kwa makusudi ya kuwa hosteli. Handaki lake bado lina maji upande mmoja, kitu adimu kwa ngome za Ujerumani. Mimi hili halinisumbui, ila nimekutana na watu waliojiona wametapeliwa.

Kama unayo akiba ya kuvunja, mji unaofuata ukishuka na mto ni Oberwesel, na juu yake kuna Schönburg, ngome iliyogeuzwa hoteli ya kweli, yenye mapazia na vitanda vya nguzo nne. Nayo ilikuwa gofu, mpaka tajiri mmoja wa New York mwenye asili ya huko, jina lake Rhinelander, alipoinunua karne ya 19 na kuijenga upya. Hapo gauni litapata kazi.

Na popote utakapolipa hela nyingi, uliza swali hili: "Chumba changu kiko ndani ya jengo la kale lenyewe?" Nilimpeleka marehemu mume wangu kwenye hoteli moja ya ngome, jina nalihifadhi, nikalipa mshahara wa wiki. Tukapewa ufunguo, tukaelekezwa tuvuke maegesho, tukalala kwenye jengo jipya la ghorofa mbili lenye zulia la kijivu. Ngome tuliiona kupitia dirisha la bafuni. Mzee alicheka usiku kucha. Mimi sikucheka.

Assalaam aleikum Bi Shangazi. Mimi ni mzaliwa wa Unguja, naishi Muscat. Wanangu wanataka tulale kwenye ngome Ulaya wakati wa likizo. Mke wangu anasema majengo ya kale yaliyomwagika damu yana wenyewe, hatulali. Nami, nikuambie kweli, sina uhakika. Vipi kuhusu majini, chakula na sala? (Baba Watatu, Muscat)

Waaleikum salaam. Mimi ni mtu wa Ngamiani, Tanga, kwa hiyo kwenye suala la majini sidharau wala sijifanyi msomi. Nitakwambia nilichokiona: katika ngome sita nilizolala, kitu pekee kilichoniamsha usiku ni mabomba ya joto. Mawe hupoa polepole na mabomba hupasha haraka, basi mbao na vyuma vinagombana hadi alfajiri, tak, tak, tak. Mtu mwenye hofu atasema kuna anayebisha hodi.

Wenye hoteli nao wamejua kuwa hofu inauza. Hispania kuna ngome ya Cardona, kule Catalonia, na wafanyakazi na wageni wanasimuliana juu ya chumba namba 712 kwamba kina mauzauza. Chumba hicho hakikufungwa wala hakikusomewa. Watu wanakiomba kwa jina! Kwetu mwenye nyumba angekificha, kule ni tangazo. Mpeleke mkeo Cardona ukitaka, ila chukua namba nyingine.

Kwa familia yako, lakini, mimi ningesema Tortosa, pia Catalonia. Hispania ina kampuni ya serikali inayoendesha hoteli zinazoitwa Parador. Ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1928, na leo zinakaribia mia moja, nyingi zikiwa ndani ya ngome, nyumba za watawa na majumba ya zamani. Ya Tortosa iko kwenye ngome inayoitwa La Suda, na jina lenyewe ni la Kiarabu, kwa maana ilijengwa na Waislamu wakati Cordoba ilipokuwa ikitawala. Ndani ya eneo la ngome kuna makaburi ya Waislamu wa zama hizo, yako wazi, unayaona. Mwambie mama watoto: wenyewe wapo, na ni wenzetu. Anzeni na Fatiha, kisha ndiyo mwende mapokezi. Ipo pia Carmona, karibu na Sevilla, ambako Parador iko ndani ya ngome iliyoanza kuwa ya Waislamu kabla haijawa ya mfalme Pedro. Watoto wako watajifunza pale kitu ambacho hawatakipata kwenye bustani ya michezo.

Chakula: Hispania nguruwe ni mfalme, usione haya kuuliza kila sahani. Samaki, mayai, zeituni na mikate vipo tele. Ujerumani hosteli zote nilizofikia zilipokea maombi ya "bila nyama ya nguruwe" ukiyaandika wakati wa kuweka nafasi, si ukiwa umeshika sahani. Kibla: tafuta ukiwa uani. Ndani ya kuta zile simu haishiki, na dira ya simu yangu iliwahi kunionyesha kibla tatu katika chumba kimoja.

Hujambo Shangazi? Mama yangu anatoka Bukoba kunitembelea Hamburg mwezi wa saba. Ana miaka 74 na magoti hayamtii. Ndoto yake ni kuona "nyumba ya mfalme" na kulala humo. Nifanyeje? (Binti wa Kwanza, Hamburg)

Sijambo binti. Usimpeleke Bacharach, nakusihi. Mpeleke Nürnberg. Juu ya mji ule iko ngome ya makaizari, na jengo lake moja linaloitwa Kaiserstallung, yaani mazizi ya Kaizari, ni hosteli. Lilijengwa miaka ya 1490 kama ghala la nafaka, na farasi wa wakubwa wakawekwa chini. Lilikarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2013, lifti ipo, na teksi inafika karibu. Piga simu kwanza, taja umri na magoti, omba chumba kisicho na dabodeka. Mama mkubwa hapandishwi kitanda cha juu kama mwanafunzi wa kidato cha kwanza.

Jiandae na maswali. Dada yangu nilipompeleka Stahleck alipanda zile ngazi zote, akaingia chumbani, akatazama vitanda, akakaa. "Yaani mfalme alikuwa analala hapa?" Nikamwambia hapana, wanafunzi. Akasema, "Basi tungelala kwako." Ukimwambia mama kabla kwamba anakwenda kulala walipolala farasi wa Kaizari, atacheka, na mengine yote yatakuwa nyongeza.

Jihadhari na ngazi za kuzunguka minarani hata kama ni za utalii tu. Waongozaji watakuambia zimepindia kulia ili mlinzi wa juu apate nafasi ya kuzungusha upanga. Ni hadithi tamu, ila wapo wataalamu wasioikubali, na ziko ngazi kibao zilizopindia kushoto. Ninachojua mimi kama muuguzi ni kwamba upande wa ndani hauna pa kuweka unyayo. Mama akae nje kwenye benchi, wewe upande ukampigie picha.

Shangazi, sisi ni familia mbili, watu wazima wanne na watoto wanne, tuko Birmingham. Tunaweza kukodi ngome nzima tukapika wenyewe? Tumechoka kuambiwa tupunguze sauti hotelini. (Wa Lubumbashi, Birmingham)

Mnaweza, na nyie ndio mnaopata nafuu kuliko wote, kwa sababu bei mnaigawa kwa nane. Uingereza kuna shirika la hisani, Landmark Trust, lililoanzishwa mwaka 1965 na John Smith na mkewe Christian. Wanachukua majengo ya kale yaliyo hatarini kuanguka, wanayatengeneza, kisha wanayakodisha kwa siku chache au wiki, na kodi hiyo ndiyo inayosaidia kuyatunza. Wana majengo karibu mia mbili. Wala hayako mbali na nyie: Astley Castle iko Warwickshire, inalaza wanane. Iliungua mwaka 1978 na kubaki gofu. Badala ya kuijenga upya kama ilivyokuwa, wasanifu walipenyeza nyumba mpya ya matofali na mbao ndani ya kuta zilizovunjika, vyumba vya kulala vikawekwa chini, sebule na jiko juu. Mwaka 2013 ikapata Tuzo ya Stirling, ambayo ni tuzo kubwa ya usanifu majengo kule. Ukila ghorofani kuna mahali unakaa ndani ya kuta za kale huku juu yako ni mawingu.

Mkitaka ngome iliyosimama mzima, ipo Saddell kule Kintyre, magharibi mwa Scotland, mnara uliojengwa mwaka 1508 kando ya bahari. Nayo ni ya watu wanane. Ni mbali, lakini upepo wake utawanyamazisha watoto bila nyie kusema neno.

Mjue kwamba hakuna televisheni. Ni msimamo wao, siyo umaskini. Kuna rafu ya vitabu, ramani, na daftari la wageni ambalo watu huandika kurasa nzima: nani aliteleza wapi, bucha gani nzuri, bundi analia saa ngapi. Nilikaa jioni nzima nikisoma daftari la nyumba yao moja, na mwisho nikaandika ukurasa wangu kwa Kiswahili, ili Mswahili atakayefuata ajue sufuria ya ugali iko kabati la chini kushoto. Beba mwiko wako. Na kwa kuwa ni majengo ya kale, majiko ya kuni ndani hayachezewi: uliza moshi unatokea wapi kabla hujawasha.

Weka nafasi mapema sana kama ni likizo za shule. Siku za katikati ya wiki majira ya baridi ndizo nafuu, ila mawe ya Februari yana baridi inayopita soksi mbili.

Shangazi, nimesoma makala yako na nimekereka. Babu yangu alisimulia mambo ya boma la Mikindani, na hakuna lililokuwa la kufurahisha. Ngome ni mahali pa kufungia watu na kuwakamua kodi. Wewe unalipa fedha kwenda kulala humo na kutuhimiza nasi tukalale. Unasherehekea nini? (Mjukuu, Mikindani, Mtwara)

Mjukuu, barua yako nimeisoma mara tatu, na ndiyo iliyonifanya niandike safu hii yote. Sitakujibu kwa kukubembeleza.

Unayosema lugha yetu inayajua. Pale Kilwa Kisiwani ngome inaitwa Gereza, na neno lenyewe inasemekana limetoka kwa Wareno, kwao likiwa na maana ya kanisa. Sisi tukalipokea, tukaona linachofanya jengo lile, na leo kila mfungwa wa Kiswahili yuko "gereza". Hapo hapo Kilwa kuna Husuni Kubwa, jina lenye maana ya ngome, ingawa alichojenga sultani karne ya 14 kilikuwa kasri kwelikweli, lenye bwawa la kuogea la pembe nane. Basi hatujaanza leo kuchanganya nyumba ya fahari na nyumba ya hofu.

Na ngome za Rhine ni hivyo hivyo. Watalii wanaambiwa mapenzi na mashujaa, lakini nyingi zilikuwa vituo vya ushuru. Mto ulikuwa barabara ya biashara, na kila bwana mwenye mwamba alijenga ukuta juu yake ili kila chombo kinachopita kilipe. Kule Kaub, jirani na Bacharach, kuna ngome katikati ya maji imekaa kama jahazi, na kazi yake ilikuwa hiyo tu: lipa, pita. Lile kanisa gofu chini ya Stahleck nalo lina habari mbaya. Lilijengwa kumtukuza kijana aliyekutwa amekufa mwaka 1287, Wayahudi wakasingiziwa kuwa ndio waliomuua, na wakauawa wengi katika miji ya bonde lile. Kwenye picha za harusi linapendeza sana. Na Stahleck yenyewe, ikiwa tayari hosteli, Manazi waliitumia: wanafunzi wa Luxembourg waliogoma mwaka 1942 kupinga utawala wao waliletwa hapo ili "wanyooshwe". Vitanda vya wanafunzi, lakini hawakuja kwa hiari.

Kwa hiyo ninasherehekea nini? Jambo dogo, lakini ni la kweli kwangu. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kulikuwa na mwalimu wa shule, Richard Schirrmann, aliyewatembeza wanafunzi wake kwa miguu siku kadhaa. Mwaka 1909 mvua kubwa ya radi iliwakamata njiani na wakajihifadhi katika shule iliyofungwa. Usiku ule akapata wazo la vituo vya kulala vya bei rahisi kwa watoto wa watu wa kawaida, na hosteli ya kwanza ya kudumu akaiweka ndani ya ngome ya Altena. Bado ipo, na bweni lake la mwanzo limehifadhiwa kama makumbusho, vitanda vya mbao nzito vimepangwa juu kwa juu. Nilipokiona chumba kile nilisimama kidogo. Jengo la bwana aliyewatoza watu kodi, amelala humo mtoto wa mfanyakazi wa kiwanda kwa senti chache. Ndicho ninachokilipia.

Sasa boma lenu. Limejengwa na Wajerumani mwaka 1895, miaka sita tu baada ya kumnyonga Abushiri pale Pangani, kwetu upande wa Tanga. Nimeliona kwa nje mara moja nikiwa safarini Mtwara, na baada ya miaka yote hii Rhine nilishtuka: jeupe, lina mnara, na juu ya ukuta lina meno meno kama ngome za bonde lile. Wakati huo huo kule kwao walikuwa wanayakarabati magofu ya zama za kati kwa mapenzi ya historia yao, huku kwetu wanajenga mapya yanayofanana nayo, na hayo mapya hayakuwa ya mapenzi. Meno ya ukutani Bacharach ni ya mapambo. Babu yako aliyajua yalipokuwa kazini. Tofauti hiyo ni yako na si yangu, na sina haki ya kukuambia uisahau.

Boma hilo lilikarabatiwa na shirika la hisani kutoka Uingereza na kuwa nyumba ya wageni, na vijana wa hapo wakafundishwa kazi za hoteli. Wapo wanaosema lilipaswa kuachwa lianguke. Mimi, kwa maoni yangu ya kiuguzi, sipendi kuacha kitu kife kwa sababu kilikuwa na tabia mbaya. Lakini ningependa mgeni anayepewa ufunguo pale apewe na habari za babu yako, tena kwa maneno ya babu yako, kabla hajaambiwa kiamshakinywa ni saa ngapi.

Mwezi wa nane nakuja nyumbani, na nimepanga kushuka hadi Mtwara. Nikikuta boma linapokea wageni nitalala usiku mbili. Wewe njoo asubuhi ya pili, hata kama bado una hasira. Tutakaa barazani, nitaagiza chai ya kweli na mihogo, nawe utanisimulia alichokuambia mzee. Nitakuja na daftari.